“Haumi huyo!”

Saa 12 jioni watoto wanatoka tuisheni. Geti linafunguliwa, mbwa anatoka bila mnyororo. Mtoto anapiga kelele na kukimbia, mwenye mbwa anacheka: “Usiogope, haumi huyo!”

Kwake, huyo ni mlinzi aliyefungiwa bandani mchana kutwa, anastahili kunyoosha miguu. Kwa jirani aliyelelewa kujihadhari na mate ya mbwa, hata kumgusa haipendezi. Wote wana haki, ila njia ni ya wote, na mnyororo ulioshikwa na mtu mzima humaliza ubishi.

Badala ya kubishana kama anauma, mzazi aulize: amechanjwa lini? Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Mtoto aking'atwa, hata ukiwa mkwaruzo tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo akachanjwe. Si pilipili, si mafuta ya taa. Na asigombezwe: wapo wanaoficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa, kwa sababu walikatazwa kupita njia ile.