Oda imelipwa na imefutwa: mifumo ya maduka yetu yakosa kitu kimoja

Mwenye duka la mtandaoni Mombasa aulizwa swali moja kutwa kucha: "Oda yangu imefika wapi?" Akishindwa kujibu, watu husema ni uzembe wa wafanyakazi. Mara nyingi wafanyakazi hawana makosa. Kompyuta yenyewe haijui.

Nilipata kuitwa na duka moja la leso, pale Barabara ya Biashara, niangalie mfumo uliojengwa na fundi mwengine. Mteja wa Lamu alikuwa amelipa doti mbili, ujumbe wa M-Pesa anao, lakini leso hazikutumwa. Mhasibu akifungua orodha yake, oda imelipwa. Kijana wa kufungasha akifungua yake, oda haipo. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Nilipofungua hifadhidata nikaona sababu. Jedwali la oda lilikuwa na safu tano za ndiyo au hapana: imethibitishwa, imelipwa, imefungashwa, imetumwa, imefutwa. Safu tano za namna hiyo hutoa michanganyiko 32. Biashara ile, ukikaa na mwenyewe mkahesabu kwa vidole, ina hali sita tu. Michanganyiko mingi iliyobaki ni upuuzi, kama oda iliyotumwa na ambayo haijathibitishwa, na mfumo uliikubali yote. Oda ya yule mteja ilikuwa na "ndiyo" mbili: imelipwa na imefutwa. Mhasibu alionyeshwa zilizolipwa. Mfungashaji alionyeshwa ambazo hazikufutwa.

Ilifikaje hapo? Duka linapoomba malipo kupitia Daraja, ule mlango wa Safaricom wa mifumo ya nje, simu ya mteja huleta kisanduku cha namba ya siri. Jibu la mwisho halirudi papo hapo. Huja baadaye, kwa ujumbe wa pekee unaotumwa kwenye seva ya duka. Ujumbe huo una namba: 0 ni kuwa pesa zimepita, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja amekataa, 1037 ni simu haikupatikana au mteja hakujibu. Fundi yule alikuwa ameweka kazi ya kufuta kila oda isiyolipwa kwa dakika mbili. Jibu la mteja wa Lamu likaja limechelewa, na 0 yake. Mfumo ukaandika "imelipwa: ndiyo" juu ya oda iliyokwisha kufutwa, ukanyamaza.

Dawa yake ni ya zamani kuliko intaneti. Inaitwa mashine ya hali. George Mealy aliiandikia mwaka 1955 na Edward Moore mwaka 1956, wakati wa nyaya na swichi. Kitu kina hali moja tu kwa wakati mmoja, na kuna orodha ya njia zinazoruhusiwa kutoka hali hadi hali. Watu wa bandari wanaijua bila ya kuambiwa. Kontena Kilindini lina hatua zake, ushuru, ukaguzi, ruhusa, kisha lango, na wakala hawezi kuliruka hadi langoni kwa kuwa mwenye mzigo ana harusi Ijumaa.

Kwa oda zetu, futeni zile safu tano, mweke moja iitwayo hali: mpya, inasubiri malipo, imelipwa, imefungashwa, imetumwa, imefutwa. Kisha andikeni njia. Kutoka "inasubiri malipo" mtu aweza kwenda "imelipwa" au "imefutwa". Kutoka "imefutwa" hakuna njia ya kwenda "imelipwa". Hapo ndipo faida inapoonekana, maana jibu la M-Pesa lililochelewa litagonga ukuta, na fundi atalazimika kumuuliza mwenye duka: pesa zikija baada ya kufuta, tufanye nini? Kwa duka lile tuliongeza hali ya saba, "inasubiri kurejeshewa", yenye orodha yake ambayo mhasibu huiona kila asubuhi.

Anayetumia Rails ana AASM, wa Django ana django-fsm. Zinasaidia, ila msizitegemee peke yake, kwa sababu zinalinda mlango wa programu tu. Mtu akiingia kwenye hifadhidata kwa mkono atapita dirishani. Wekeni pia sharti kwenye hifadhidata yenyewe, kwamba safu ya hali haikubali neno lisilo kwenye orodha.

Na badiliko liandikwe kwa amri moja: ifanye oda hii "imelipwa" ikiwa sasa hivi ni "inasubiri malipo". Msisome kwanza kisha mkaandika baadaye, kwani kati ya kusoma na kuandika ile kazi ya kufuta yaweza kuwahi. Amri ikirudi na kusema hakuna oda iliyobadilika, mmejua kuna aliyetangulia. Namba ya muamala wa M-Pesa nayo iwe ya kipekee kwenye jedwali la malipo, ili ujumbe ukija mara mbili usihesabiwe mara mbili. SMS ya "tumepokea malipo yako" itumwe baada ya badiliko kuhifadhiwa; nimeona mifumo inayomshukuru mteja kwanza, kisha kuhifadhi kukashindikana.

Kazi nzito ni oda za zamani. Zile zenye "ndiyo" zinazogongana haziwezi kuhamishwa na programu, kwa sababu hakuna programu ijuayo lililotokea. Pale dukani tulizitoa zote kwenye karatasi, mhasibu akakaa nazo na taarifa ya M-Pesa ya duka, akapitia moja moja. Yule wa Lamu alirejeshewa pesa zake. Leso alizozitaka zilikuwa zimeshauzwa.