Mama wa Kihambani

Kwenye misiba ya Uchagani wasifu wa marehemu husomwa kabla ya jeneza kushushwa, na msomaji mara nyingi ni mjukuu msomi au kijana anayefanya kazi mjini. Marehemu akiwa mwalimu mstaafu au karani wa zamani wa ushirika, karatasi hujaa vyeo, vituo vya kazi na miaka. Akiwa mama aliyeishi kwa jembe na ng'ombe, wasifu huishia nusu ukurasa. Alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa, alijaliwa watoto saba, alikuwa mkulima na mama wa nyumbani, aliugua, alifariki. Hapo ndipo baadhi ya majirani husikia jina lake la ubatizo kwa mara ya kwanza, maana tangu azae alikuwa Mama Fulani tu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Sidhani kosa ni la mwandishi. Wasifu wa namna hii unafuata mtindo wa kiofisi, unataka tarehe na vyeo. Mama wa kihambani hakuwa na cheo, na kazi yake haikuwa na tarehe kwa sababu ilirudi kila alfajiri. Ukitaka kumsimulia huna budi kuanza na kihamba chenyewe.

Kihamba ni shamba na ni nyumbani kwa wakati mmoja. Juu kabisa hutanda mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi na maharage. Banda la ng'ombe liko hatua chache kutoka mlangoni, maji ya mfereji wa mfongo hupita kwa zamu, masale yameoteshwa mpakani, na makaburi ya ukoo yamo humo humo kati ya migomba. Mwaka 2011 FAO iliingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Wageni wakifika husifu miti na kivuli. Mimi ningeanza na samadi, maana ndiyo inayoilisha migomba, na haikujileta yenyewe.

Mteremko wa mlima umejaa watu, ng'ombe hawana pa kuchungwa. Wanakaa bandani mwaka mzima na chakula kinawafuata. Kiasi hutoka kwenye migomba, mashina na majani yakikatwakatwa kwa panga. Kilichobaki kilitoka tambarare, mwendo mrefu chini ya mlima, na kwa desturi kukifuata ni kazi ya mwanamke. Mama aliondoka hakujapambazuka, kamba na mundu mkononi. Kushuka si neno, kurudi ndiko kazi. Mzigo unakaa juu ya ngata ya kanga, mrefu kuliko mbebaji, majani yakining'inia mbele hadi kifuani, na wewe unayekutana naye kwenye kona unaona miguu na mkono mmoja tu. Unaamkia mzigo, na mzigo unaitika. Siku hizi wako wanaonunua majani yaliyopandishwa kwa pikapu. Akina mama tunaowazika sasa ni wa kizazi kilichobeba kichwani.

Kahawa ina habari yake. Wamisionari wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikazaliwa mwaka 1933. Baba alipogoa mibuni na kupiga dawa, shati likabaki na bluu ya mrututu. Mama na watoto walichuma, wakamenya kwa mashine ya mkono, wakaosha, wakaanika, wakachambua. Kisha gunia likaenda chama cha msingi na kuandikwa kitabuni kwa jina la baba. Ndizi ndizo zilizokuwa za mama. Yeye ndiye aliyejua mkungu upi wa mshare umekomaa, upi uachwe uive kwa ajili ya pombe ya mbege, upi upelekwe sokoni Mwika au Kiboriloni, urudi ukiwa chumvi, sabuni na daftari za shule. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka, wengine waling'oa mibuni, na nyumba nyingi zikaendelea kula na kusomesha kwa ndizi na maziwa. (Wanaume nao wakaanza kuipenda biashara ya ndizi, iliyokuwa ya wanawake.) Katika wasifu zote nilizosikiliza nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, hesabu hiyo ya ndizi na maziwa haijasomwa hata mara moja.

Palipokuwa na uzazi ndipo mamlaka yake yalipoonekana. Mkamwana akijifungua, mama mkwe ndiye mwenye jiko. Mshare humenywa na kuchemshwa pamoja na nyama yenye mafuta mpaka ilainike, kisha nyama hutolewa, ndizi zikapondwa, mchuzi ukaongezwa kidogo kidogo hadi mtori uwe mzito bila kushikana. Mzazi haendi shamba, hachoti maji, hakati majani. Zamani mapumziko hayo yalifika miezi mitatu. "Kula mama, maziwa yashuke," huambiwa, na bakuli halirudi jikoni likiwa na kitu. Nasikia watu wakiyaita malezi hayo ya kizamani. Kwa mwanamke ambaye kabla ya hapo hakuwa na siku hata moja ya kulala mchana, naona ndiyo likizo pekee ambayo mila ilimwandikia, na aliyemsimamia asinyang'anywe ni mwanamke mwenzake aliyewahi kuipata.

Mwezi mmoja angeweza kuwa na posa, ubatizo na msiba, na mbege ikahitajika kote huko. Kuotesha ulezi uwe kimea, kuukausha na kuusaga, kuchemsha ndizi mbivu, yote yalikuwa mikononi mwake. Wazee wakisha kunywa walisifu mbege.

Akifa, wanawake wa kikundi chake huja wamevaa kitenge cha sare, na nyuma yao zinafuata kuni, maziwa na mikungu ya ndizi. Wengi wanarudisha kile alichowapelekea walipofiwa, na wanakumbuka kwa usahihi ni nini. Jina lake limekwisha kutangulia kwa wajukuu, kwa kuwa binti wa kwanza wa mwanawe huitwa jina la bibi mzaa baba.

Baada ya matanga hukaa kikao cha ukoo. Kwa mila nyumba na kihamba cha wazazi ni cha kitinda mimba wa kiume. Vya mama vinavyogawanywa ni vitenge, sufuria na vibuyu. Sheria imeshasema mengine. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, akiamua kesi ya Uhaya katika Mahakama Kuu Mwanza, aliwapa wanawake haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na wanaume, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatamka kuwa mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963, linalomweka mwanamke nyuma katika urithi, halijafutwa. Kikaoni binti aliyemuuguza mama hupewa shukrani nyingi.

Kitinda mimba mara nyingi yuko Dar es Salaam au Arusha. Anaacha kijana wa kazi, na ng'ombe huuzwa mapema kwa sababu hakuna wa kuwafuatia majani. Mwaka wa kwanza migomba haionyeshi kitu. Wa pili mikungu inaanza kuwa midogo, na Desemba familia ikirudi kwa Krismasi watoto wanazunguka kihamba wakibishana: mmoja anasema ni ugonjwa, mwingine anasema ni mvua, na dada yao mkubwa anauliza ni nani kati yao aliyewahi kutoa samadi bandani.