Upungufu wa Nguvu za Kiume: Vyanzo Vyake na Tiba Yake

Upungufu wa nguvu za kiume ni hali ya mwanamume kushindwa mara kwa mara kusimamisha uume, au kuusimamisha ukalegea kabla tendo la ndoa halijakamilika, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Usiku mmoja wa uchovu baada ya kutwa nzima kwenye majaruba ya mpunga ya Ndungu, wilayani Same, hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Kumaliza mapema, kukosa hamu na kukosa mtoto ni matatizo mengine, yenye vipimo na tiba zake, ingawa kwenye mabango ya waganga yote huandikwa kwenye mstari mmoja.

Uume husimama kwa damu. Ndani yake mna mirija miwili ya tishu laini yenye vijitundu vingi, mfano wa sponji. Mtu anaposisimka, neva zinazotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo humwaga kemikali iitwayo nitriki oksaidi. Kemikali hiyo hulegeza kuta za mishipa, damu huingia kwa wingi, mirija hujaa, na kujaa huko hubana vena ambazo zingeirudisha damu mwilini. Damu ikiingia kwa shida, au ikitoka upesi, uume haukazi. Hitilafu inaweza kuwa kwenye mishipa, kwenye neva, kwenye homoni au akilini, na mara nyingi huwa katika sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Kwa wanaume waliovuka miaka 40, mishipa ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mshipa unaopeleka damu uumeni una upana wa milimita 1 hadi 2 tu, wakati ile inayolisha moyo hufikia milimita 3 hadi 4. Mafuta yanapoanza kuganda kwenye kuta za mishipa ya mwili mzima, ule mwembamba hulalamika mapema. Kwa hiyo mwanamume wa miaka 50 anayeanza kushindwa kitandani anaweza kuwa tayari na ugonjwa wa moyo utakaojitokeza miaka 2 hadi 5 baadaye. Presha ya juu, lehemu nyingi, unene na sigara hupitia njia hiyo hiyo. Kisukari huzidi, kwa kuwa huharibu mishipa na neva kwa pamoja: utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kwa wanaume 312 wa kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, ulikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa nguvu za kiume kwa kiwango fulani.

Magonjwa hayo si ya watu wa Dar es Salaam peke yao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria kuwa kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 26 wana presha na 9 wana kisukari, na wengi wao walikuwa hawajijui. Kupanda na kushuka milima ya Upare kila siku kunasaidia mwili, lakini hakumpi mtu kinga. Mkulima mwembamba wa Vuje anaweza kuwa na presha ya 170 kwa 100 asihisi chochote, mpaka siku atakapoona mabadiliko chumbani.

Baadhi ya dawa nazo huchangia, na hapa hutokea kosa la hatari. Bendrofluazaidi, ambayo ni dawa ya presha inayoongeza mkojo, pamoja na atenolol na propranolol, zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Hali kadhalika baadhi ya dawa za sonona. Mgonjwa akigundua hivyo huacha vidonge kimyakimya, presha ikapanda, na akaja kuletwa hospitalini akiwa na kiharusi. Njia iliyo salama ni kumweleza daktari, kwani zipo dawa nyingine za presha, kama losartan na amlodipini, zisizosumbua sana upande huo.

Pombe kidogo huondoa aibu, nyingi huondoa uwezo. Ikinywewa miaka mingi hudhuru ini, neva na homoni. Mirungi, ambayo imeendelea kulimwa katika milima ya Same licha ya kupigwa marufuku, ina kathinoni, kemikali inayobana mishipa ya damu na kupandisha presha. Wapo wanaoitafuna wakiamini inaongeza nguvu, na huenda hamu ikapanda kweli, lakini kinachosimamisha uume ni mishipa kulegea, si kubanwa. Yapo pia majeraha: ajali ya bodaboda kwenye mteremko, ikivunja nyonga au uti wa mgongo, inaweza kukata neva na mishipa hata kwa kijana wa miaka 20. Upasuaji wa saratani ya tezi dume unaweza kuwa na athari kama hiyo.

Kwa vijana, chanzo mara nyingi ni hofu, deni, ugomvi wa nyumbani au sonona. Dalili yake hutambulika. Tatizo huanza ghafla, huja na kuondoka, na uume huendelea kusimama usingizini na alfajiri. Tatizo la mishipa, kinyume chake, huingia polepole na kuondoa hata ule msimamo wa alfajiri. Akishindwa mara moja, kijana huingia kitandani mara ya pili akijikagua, na kujikagua kwenyewe hutosha kumwangusha. Matangazo mengi huwaambia vijana kwamba punyeto imeua mishipa yao. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba inaharibu neva au mishipa ya uume, ila hofu inayouzwa pamoja na dawa hizo inadhuru kweli. Ngiri nayo husingiziwa sana. Ni utumbo uliopenya kwenye msuli wa tumbo. Huhitaji upasuaji, lakini kwa kawaida si sababu ya uume kutosimama.

Matibabu huanza kwa maswali na vipimo vya kawaida: presha, sukari, uzito, orodha ya dawa anazotumia mgonjwa, na lehemu inapowezekana. Kwa mtu wa Maore au Bombo hakuna haja ya kukimbilia mjini kwa hatua hii. Kituo cha afya au hospitali iliyo karibu ndiyo mahali pa kuanzia. Wenye majeraha, au wasiopata nafuu, hupewa rufaa hadi kwa mabingwa wa mfumo wa mkojo, kama walioko hospitali ya KCMC mjini Moshi. Kuacha sigara, kupunguza uzito na kudhibiti sukari hurudisha nguvu kwa baadhi ya watu bila dawa nyingine. Penye hofu au ugomvi, ushauri nasaha hufaa zaidi mke akiwepo.

Sildenafili, iliyoanza kufanyiwa majaribio na kampuni ya Pfizer huko Uingereza kama dawa ya maumivu ya moyo, iliidhinishwa Marekani kwa tatizo hili Machi 1998. Huzuia kimeng'enya kinachozima kazi ya nitriki oksaidi, hivyo haifanyi kazi pasipo msisimko. Humezwa yapata saa moja kabla, na mlo wenye mafuta mengi huichelewesha. Tadalafili hudumu hadi saa 36. Zote mbili ni marufuku kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, maana presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri anahitaji dozi ndogo zaidi, kwa maelekezo ya daktari.

Hatari hiyo inagusa pia vumbi la Kongo na dawa nyingine za unga na asali zinazosifiwa minadani. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi sildenafili iliyofichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili, bila kipimo wala onyo. Tangawizi ya milimani haina hatari hiyo na inafaa kwenye chai. Ila uwezo wake wa kutibu tatizo hili haujathibitishwa.

Vidonge vikishindwa, ipo pampu ya kuvuta damu, sindano ya alprostadili uumeni, na mwishowe upasuaji wa kupandikiza kifaa. Testosteroni hupewa yule tu ambaye vipimo vimeonyesha imepungua, kwani ikitolewa ovyo huzuia mbegu za uzazi. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulegea, iwe ni kwa sindano, kwa dawa au kwa ugonjwa wa selimundu, mgonjwa apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, kwa sababu damu iliyonaswa humo huua tishu.