Malaria ya Kilombero Ndani ya Kompyuta: Leseni, Foleni na Usahihi wa Majibu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliotega mbu katika kijiji cha Namawala, bonde la Kilombero, walikadiria kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria, kwa wastani, zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Takwimu hizo zilisafiri mbali. Mpangilio wa majira ya kuumwa na mbu uliopimwa Namawala ulitumika kuijenga OpenMalaria, programu ya uigaji iliyoanzia Basel, Uswisi, katika taasisi yenye uhusiano na Ifakara tangu miaka ya 1950. Makala hii inaeleza jinsi programu ya aina hiyo inavyosimikwa katika kompyuta za pamoja za chuo, na kwa nini jambo hilo linamhusu mhudumu wa zahanati pamoja na mgonjwa wake.

Uigaji ni nini?

Programu huunda kijiji cha kubuni. Kila mkazi hupewa umri, kinga na historia ya maambukizi. Kisha kompyuta hukokotoa, siku baada ya siku, ni nani ameumwa na mbu, ameugua, ametibiwa au amefariki. Kijiji hichohicho huendeshwa tena kikiwa na vyandarua vyenye dawa au chanjo, na tofauti ya matokeo hupimwa. Kwa kuwa bahati nasibu ina nafasi yake katika maambukizi, kila jaribio hurudiwa mara nyingi. Kazi hufikia maelfu, na kompyuta ya mezani haizimudu. Wakati fulani watengenezaji waliomba msaada wa kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote kupitia mradi wa MalariaControl.net. Vyuo vingi hutumia mfumo wa pamoja: kompyuta nyingi zilizounganishwa, zinazotumiwa na idara zote.

Hatua za kusimika

Kwanza ni leseni. OpenMalaria hutolewa chini ya leseni huria ya GPL: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuibadilisha, ila akisambaza toleo alilolibadilisha, sharti alitoe kwa leseni hiyohiyo. Programu za kibiashara kama MATLAB zina masharti tofauti. Mara nyingi chuo hununua idadi maalumu ya nafasi, na seva ya leseni huzigawa kwa wanaoomba. Nafasi zikiwa 10 na kazi 12 zikaanza kwa pamoja, mbili hukosa nafasi na huenda zikakatika. Kwa hiyo msimamizi huiagiza foleni ihesabu nafasi za leseni kabla ya kuruhusu kazi ianze.

Pili, programu huwekwa mahali pamoja panaposomwa na watumiaji wote wenye idhini, na kila toleo hubaki na namba yake. Mtafiti akipandishiwa toleo bila kujua, majibu ya leo hayatalingana na ya mwezi uliopita, na hatajua kama kilichobadilika ni malaria au ni programu.

Tatu, kazi hupelekwa kwenye foleni, zikitaja muda na kumbukumbu zinazohitaji. Kuendesha uigaji mzito kwenye kompyuta ya kuingilia huwakwamisha watumiaji wengine wote.

Nne, kabla ya kazi halisi, programu hupimwa kwa mfano ambao majibu yake yanajulikana. Toleo, faili za kuingiza na mbegu za nasibu huhifadhiwa pamoja na matokeo, ili mtu mwingine aweze kurudia hesabu.

Yanayotuhusu sisi

Hata programu iliyosimikwa vizuri hutegemea taarifa inazolishwa. Kilombero ya leo si ile ya Namawala ya 1990. Vyandarua vimeenea, na uchunguzi wa mbu umeonyesha kwamba Anopheles funestus ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi bondeni. Ikilishwa takwimu za zamani, kompyuta itatoa jibu sahihi kwa kijiji ambacho hakipo tena, na vyandarua au chanjo vinaweza kupangwa kwa jibu hilo.

Taarifa mpya huanzia kwenye rejista za MTUHA. Mhudumu anayeandika homa kuwa malaria bila kipimo, au anayeacha nafasi ya umri wazi, hupotosha hesabu ambayo huenda asiione kamwe. Mgonjwa naye husaidia anapotaja umri wake kwa usahihi, mahali anapoishi na dawa alizokwisha kumeza.

Mgonjwa ana haki pia ya kujua kwamba uigaji hauhitaji jina lake. Katika mfumo unaotumiwa na wengi, majina huondolewa kabla faili hazijapakiwa, na folda hufunguliwa kwa wenye idhini tu. Anayeombwa taarifa zake kwa ajili ya utafiti na aulize: zitahifadhiwa wapi, na nani atazisoma?