Pikapu Mpya au Lori Kuukuu la Dizeli?



Mwaka jana, baada ya mavuno ya viazi, baba yangu na baba yangu mdogo waliketi jikoni penye moto wakazungumza habari moja usiku tatu mfululizo. Habari yenyewe ilikuwa hii: wanunue pikapu ndogo mpya ya petroli, au wanunue lori kuukuu la dizeli? Fedha walizokuwa nazo zilikuwa akiba ya misimu mingi pamoja na bei ya ng'ombe wawili wa mama, na ndani yake ilikuwamo ada ya dada yangu aliyeko katika chuo cha uuguzi. Kwa hiyo halikuwa jambo la mchezo. Mimi nilipewa kazi ya kuandika hesabu, nami napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu yale niliyojifunza, maana najua kwamba nyumba nyingi zina shauri kama hilo.

Kijiji chetu kiko Njombe, safari ya kilomita 80 hivi mpaka Makambako, mahali ipitapo barabara kuu iendayo Dar es Salaam na Zambia, na ambako wanunuzi wa viazi hungoja. Kilomita 20 za kwanza ni njia ya udongo, tena ya milima, na mvua ikinyesha huwa kama sabuni.

Baba mdogo alitaka pikapu. Alisema, "Kaka, gari jipya lina dhamana ya kiwanda, na kila siku asubuhi litawaka." Baba alitaka lori. Alisema kwamba bei yake ni nusu ya bei ya pikapu, na mzigo wake ni mara nne. Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo penye shida.

Kwanza yafaa tujue tofauti ya injini hizi mbili. Injini ya dizeli imepewa jina la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilijaribiwa ikafanya kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Katika injini ya petroli, hewa na petroli huchanganywa, hubanwa mpaka zibaki kama sehemu moja ya kumi ya nafasi yake, kisha plagi hutoa cheche. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake hubanwa zaidi, mpaka ibaki sehemu moja ya 16 au hata ya 20. Kila aliyejaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto. Basi hewa ile hupata joto kali mno, na dizeli ikinyunyizwa ndani yake kwa nozeli huwaka yenyewe.

Kwa sababu hiyo dizeli ina faida mbili kubwa. Hutumia mafuta machache kwa kazi ile ile, na huvuta kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole, jambo linalofaa sana mlimani. Walakini faida hizo zina gharama. Chombo kinachobana hewa kwa nguvu hivyo hapana budi kiwe kizito na imara, na vipuri vyake ni ghali. Pampu ya dizeli na nozeli zimechongwa kwa usahihi mkubwa, na maadui wao ni maji na vumbi. Mtu anunuaye dizeli kutoka katika madumu ya njiani huharibu kwa siku moja kitu ambacho kingedumu miaka.

Jambo la pili ni uzito wa mzigo. Hapa mimi mwenyewe nilikosea. Niliandika kwamba pikapu itachukua magunia 12, kwa kuwa nimeona pikapu nyingi zikichukua hivyo. Mwalimu wetu wa Fizikia alipoona daftari langu alicheka, akaniambia, "Usihesabu kwa macho. Soma uzito wa jumla unaoruhusiwa, utoe uzito wa gari tupu, kisha utoe watu, turubai na kamba. Kilichobaki ndicho mzigo."

Nilifanya hivyo. Pikapu iliruhusiwa uzito wa jumla wa kilo 2,900. Tupu ilikuwa na kilo 1,800. Zilibaki 1,100. Nikitoa watu wawili na vifaa, kilo 200, zabaki 900, yaani magunia tisa ya kilo 100. Lori liliruhusiwa kilo 7,500, na tupu lilikuwa na kilo 3,200. Zilibaki 4,300. Nikitoa watu watatu na vifaa, kilo 250, zabaki 4,050, yaani magunia 40. Tena nasema magunia ya kilo 100 yaliyoshonwa sawasawa, si lumbesa. Gunia la lumbesa humwibia mkulima, na huvunja springi za gari pia.

Jambo la tatu ni mafuta. Bei za petroli na dizeli hupanda na kushuka, kwa hiyo tulihesabu lita. Kwa maelezo ya madereva tuliowauliza, tulikadiria kwamba safari ya Makambako, kwenda na kurudi, pikapu yenye mzigo itatumia lita 19, na lori lenye mzigo lita 29. Kwa haraka mtu atasema pikapu ni nafuu. Lakini gawanyeni kwa magunia. Pikapu ni lita 2.1 kwa kila gunia. Lori ni lita 0.7 tu.

Baba alifurahi sana aliposikia hivyo. Ndipo baba mdogo alipouliza swali lililonyamazisha nyumba nzima: "Na siku ambazo hakuna viazi?"

Ni kweli. Shamba letu hutoa magunia 120 kwa msimu, na misimu ni miwili kwa mwaka. Kwa lori ni safari tatu kila msimu. Kwa pikapu ni safari 14. Lakini wiki nyingine zote, safari kama 40 kwa mwaka, mzigo ni mdogo: mbolea, kuku, mahindi kidogo, au mgonjwa. Safari kama hizo pikapu ingetumia lita 16 na lori lita 24. Nilijumlisha mwaka mzima. Pikapu ilipata lita 1,172, na lori lita 1,134. Tofauti yao ni lita 38 tu! Hesabu niliyodhani itaamua ugomvi ilitoka karibu sare.

Basi nilijifunza kwamba gari kubwa ni nafuu likiwa limejaa, na likiwa tupu ni hasara yenye magurudumu. Lori lile likipeleka magunia tisa tu, kila gunia hutumia lita 2.7, kupita hata pikapu. Swali la kwanza, basi, si gari lipi ni zuri. Swali ni hili: gari litajaa siku ngapi kwa mwaka?

Baba alikwenda kwa majirani kuwauliza. Watano walisema kwamba wangelipa nauli ili viazi vyao vifike Makambako kabla havijaharibika. Hapo mizani ililalia upande wa lori. Lakini kubeba mali ya watu kwa malipo kuna masharti yake. Hapana budi kupata leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, dereva awe na leseni ya daraja linalohusika, na gari liwe na bima. Tena, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, magari yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 na zaidi hupimwa mizanini. Pikapu yetu isingeingia humo, lakini lori lingeingia.

Sasa nitaeleza jinsi ya kulitazama lori kuukuu. Tulimchukua fundi mmoja mzee, tukaenda mjini kwa mtu aliyekuwa akiuza. Baba alikuwa na fedha za kutanguliza mfukoni mwa koti. Lori lilikuwa limepakwa rangi mpya, linang'aa. Lilipowashwa liliwaka mara moja, baba akatabasamu. Yule mzee aliniita, akasema, "Kijana, kabla hawajawasha, uligusa rejeta?" Nilisema, "Ndiyo, Mzee. Ilikuwa na joto." Alitikisa kichwa, akamwambia muuzaji kwamba tutafikiri.

Kesho yake alfajiri tulirudi bila kuagana. Ulikuwa mwezi wa Julai, na nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. "Kamwene," tulisalimu, na muuzaji hakufurahi kutuona. Injini ilikuwa baridi. Ilizungushwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipowaka ilitetemeka na kutoa moshi mweupe, na hata ilipopata joto moshi haukukoma. Mzee alifungua kifuniko cha kujazia oili huku injini ikinguruma, na moshi ukapiga kama chungu kinachochemka. Akaeleza kwamba ringi za pistoni zimekwisha, nguvu inavuja kuingia chini. Kisha akalala chini na tochi, akatuonyesha chasisi: palikuwa na ufa uliochomelewa na kufunikwa kwa ile rangi mpya. Baba alifunga kifungo cha koti lake, tukaondoka.

Kwa kifupi, mambo aliyonifundisha ni haya:

1. Tazama gari injini ikiwa baridi, na uiguse kabla haijawashwa.
2. Soma moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mwingi ni mafuta mengi au hewa chache. Mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia ndani.
3. Usiamini saa ya kilomita, maana yaweza kurudishwa nyuma. Tazama mipira ya pedali na kiti cha dereva kama vimelika.
4. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, uyatikise. Yakicheza, kuna kazi.
5. Linganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi ya gari kabla ya kutoa hata senti moja.

Baada ya majuma sita tulipata lori jingine, halikung'aa, lakini liliwaka asubuhi kwa mara ya pili na moshi wake ukaisha. Mzee aliwaambia baba na baba mdogo maneno ambayo hayakuwapendeza: "Bei mliyolipa ni malipo ya kwanza tu. Wekeni kando theluthi ya bei hiyo, wala msiiguse." Waliona ni nyingi mno, lakini walitii.

Mwezi wa tatu klachi ilikwisha. Mwezi wa nne tulibadili nozeli zote na matairi mawili kati ya sita. Bandu bandu huisha gogo: ile akiba ilikwisha yote. Walakini kwa kuwa ilikuwapo, lori halikulala, viazi vya majirani vilifika, na dada yangu alilipiwa ada yake kwa wakati. Kama fedha zote zingeingia katika bei, lori lingekuwa limesimama uani sasa, na kuku wangelala juu yake.

Sisemi kwamba kila mtu anunue lori kuukuu. Kama majirani wale watano wangekataa, hesabu yetu ingetuambia tununue pikapu na kukodi lori siku chache za mavuno. Hata leo, kukiwa na mgonjwa usiku, twasikitika kwamba hatuna gari dogo, na baba mdogo hachoki kutukumbusha. Ninachosema ni kwamba mtu ahesabu mzigo wake wa mwaka mzima, si wa siku ya mavuno tu. Na anunuaye gari kuukuu anunue pamoja na matengenezo yake.

Daftari lile la hesabu bado ninalo. Mwanafunzi ambaye mzazi wake ana shauri kama hili na aje bwenini kwetu, tutahesabu pamoja.