Kuvu ya Mahindi na Figo ya Ndugu

Mtu wa Kwa Vonza, Kitui, hahitaji kufundishwa kuogopa kuvu. Mwaka 2004 mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka sawasawa yaliota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, na Makueni na Kitui ndizo zilizoumia kuliko wilaya nyingine zote. Wagonjwa 317 walihesabiwa katika mkasa ule, 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo huharibu ini. Ndiyo maana punje iliyobadilika rangi haifai kupita mkononi mwa anayechambua mahindi ya kupika muthokoi.

Lakini kuna kuvu nyingine ya mahindi yaliyoharibika ambayo leo inalinda figo za watu. Mwaka 1893 daktari Mwitalia, Bartolomeo Gosio, alikuwa akichunguza mahindi yenye kuvu ili ajue chanzo cha pelagra, ugonjwa uliowatesa wakulima maskini wa Italia ambao chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Chanzo hakukipata humo. Baadaye ilijulikana kuwa pelagra ni upungufu wa vitamini. Alichokipata ni asidi ya maikofenoliki. Ilipita zaidi ya miaka mia moja hadi Marekani ilipoidhinisha, mwaka 1995, maikofenoleti, dawa iliyotengenezwa kutokana na asidi hiyo kwa ajili ya watu waliopandikizwa figo.

Dawa nyingine za kundi hili zimetoka ardhini. Siklosporini, iliyobadilisha kabisa kazi ya upandikizaji miaka ya 1980, ilitokana na kuvu iliyokuwa kwenye udongo wa nyanda za juu za Norway. Takrolimasi, ambayo leo ndiyo nguzo ya matibabu haya, iligunduliwa mwaka 1984 katika bakteria wa udongo wa eneo la mlima Tsukuba, Japani.

Mbona mtu apewe figo na ndugu yake wa damu, kisha ahitaji dawa za kuilinda? Kwa sababu mwili haujui undugu. Unajua chembe zake tu. Upandikizaji wa figo wa kwanza kufanikiwa kwa muda mrefu ulifanywa Boston, Desemba 1954, na daktari Joseph Murray, na ulifanikiwa kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana. Mwili wa mpokeaji haukuona mgeni. Kwa wengine wote, chembe nyeupe za damu huigusa figo mpya, huitambua kuwa si ya pale, kisha hupiga mbiu.

Hapo ndipo dawa zinapogawana kazi. Takrolimasi huinyamazisha mbiu yenyewe, chembe nyingine zisiitwe. Maikofenoleti huzuia chembe zilizokwisha kuitwa zisiongezeke. Prednisoloni hutuliza uvimbe na hasira ya jumla. Kinga haizimwi, inashushwa, na kipimo cha kushusha ni chembamba mno. Ikishuka kupita kiasi, maambukizi huingia. Ikipanda, figo hushambuliwa. Tena takrolimasi ikizidi katika damu huidhuru figo ileile inayoilinda. Mikono hutetemeka, na sukari huweza kupanda.

Mashine za kusafisha damu zilisambazwa katika hospitali za kaunti nchini Kenya kuanzia mwaka 2015, lakini kupandikiza figo bado ni kazi ya hospitali kubwa, kama ile ya Kenyatta jijini Nairobi na ya Moi huko Eldoret. Upasuaji huchukua saa chache. Kinachofuata hufanyika nyumbani, na hapo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndipo figo nyingi hupona au hupotea. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Hiyo ni mara 730 kwa mwaka, mvua ikinyesha au isiponyesha, wiki ya mazishi, wiki ya kuvuna pojo. Anayejisikia mzima ndiye aliye hatarini zaidi, maana figo inaweza kuanza kukataliwa bila maumivu yoyote. Kreatinini, uchafu wa damu unaoondolewa na figo, hupanda kwenye karatasi ya maabara kabla miguu haijavimba na mkojo haujapungua.

Vitu vya kawaida kabisa vinaweza kuharibu hesabu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushusha takrolimasi kwa kiasi kikubwa sana, hivyo daktari wa kifua kikuu na daktari wa figo hawana budi kuzungumza kabla ya tembe ya kwanza. Erithromaisini na flukonazo, zinazopatikana katika maduka mengi ya dawa, huipandisha. Balungi pia huipandisha, ilhali chungwa tamu la Makueni halina neno. Kuhara kwa siku kadhaa kunaweza kuipandisha vilevile. Miti shamba ina hatari yake: hakuna anayeweza kusema kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, huepukwa. Mwanamke anayetumia maikofenoleti na anataka mtoto humwona daktari kabla ya kushika mimba, dawa ibadilishwe, kwa sababu maikofenoleti inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mahindi yenye kuvu, yanayomtisha kila mtu Ukambani, kwa aliyepandikizwa figo ni hatari maradufu, kwani ini ndilo linaloivunja takrolimasi.

Siku ya kliniki ina utaratibu wake. Damu ya kupima takrolimasi hutolewa kabla ya tembe ya asubuhi, wakati dawa ya jana usiku imefika chini kabisa. Ukimeza kwanza, kipimo husema uongo. Basi anayetoka Kwa Vonza hupanda matatu ya Machakos kabla ya mapambazuko, hajameza, tembe yake imefungwa kwenye kikaratasi mfukoni pamoja na chupa ya maji. Akifika Nairobi hupanga foleni, hunyoosha mkono, sindano huingia na kutoka. Pamba ikiwa bado imebanwa kwenye kiwiko, hufungua kikaratasi na kumeza.