Kumlilia Paka Si Upuuzi

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Katika makala hii nataka kueleza msiba ambao wengi huuficha kwa kuogopa kuchekwa, yaani kufiwa na mnyama wa nyumbani. Nitaeleza kwa nini huuma, na mambo yanayomsaidia aliyefiwa.

Sisi tunaotoka Kibera na Kawangware tunalijua vizuri Soko la Toi. Huko nyanya yangu huuza mashuka na mapazia ya mitumba. Adui wa mitumba, ukiacha moto na mvua, ni panya. Panya mmoja akiingia kwenye robota usiku, asubuhi shuka zuri limekuwa tambara, na hasara ni ya mwenye kibanda. Ndiyo sababu wengine hufuga paka. Wetu aliitwa Askari. Mshahara wake ulikuwa omena kidogo kila jioni, na mlipaji alikuwa mdogo wangu wa miaka sita.

Mwezi wa Mei mwaka huu Askari alikufa. Mtu fulani alitega sumu ya panya, naye akala panya aliyekwisha kuila. Inafaa tujue kwamba sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Huzubaa siku kadhaa, paka akamkamata kwa urahisi, na sumu ikampata yeye pia. Dalili ni kulegea, kukataa chakula, ufizi kuwa mweupe na pengine kutokwa na damu. Ukiziona, mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana akiwahiwa anaweza kutibiwa kwa vitamini K. Sisi tulimkuta asubuhi juu ya robota, tayari amekuwa baridi.

"Si ni paka tu!" jirani mmoja alisema. "Toi hii paka ni wengi, chukueni mwingine."

Kweli ni wengi, lakini uchungu haupimwi kwa bei ya mnyama. Mnyama unayeishi naye hushika nafasi yake katika siku yako: saa ya kumlisha, mlio wake mlango unapofunguliwa, joto lake miguuni unapofanya hesabu. Akifa, saa ile hurudi kila siku naye hayupo. Ndiyo maana mtu hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, hasikii mwalimu anasema nini, hata hudhani amesikia mlio wake. Huo si wazimu. Ni majonzi kama ya msiba mwingine, ila msiba huu hauna matanga wala wa kukupa pole.

Wala si jambo geni. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba Wamisri walinyoa nyusi zao paka wa nyumbani alipokufa. Mama mmoja Mnubi, jirani yetu sokoni, alitukumbusha kuwa sahaba mmoja wa Mtume aliitwa Abu Huraira, maana yake baba wa paka mdogo. Hapa Kenya, kifaru Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, alipokufa Ol Pejeta, Laikipia, tarehe 19 Machi 2018, walezi wake hawakuona haya kumhuzunikia hadharani.

Basi aliyefiwa afanye nini?

Kwanza, ukweli usemwe. Jirani yule yule alimwambia mdogo wangu kuwa Askari ameenda Kawangware kutembelea jamaa zake. Lo! Mtoto akawa anasimama kila jioni akitazama njia, omena mfukoni, chakula hataki. Siku ya nne nyanya alimkalisha, akamwambia, "Mjukuu wangu, Askari amekufa. Harudi." Alilia sana, lakini usiku ule akala.

Pili, mnyama azikwe kwa heshima. Sisi tulimfunga kwa kipande cha pazia tukamzika nyuma ya nyumba. Shimo liwe refu, hasa ikiwa alikula sumu, mbwa wasije wakamfukua. Mdogo wangu alipoonyeshwa kaburi, aliweka omena zake pale.

Tatu, mweleze mtu unayemwamini. Ukiona majuma yanapita nawe huli wala husomi, mwone mwalimu wa ushauri nasaha.

Nne, usiharakishe kutafuta mwingine. Mnyama mpya ni mgeni, si kiraka. Nyanya ametega mitego ya waya kwa sasa, na sumu ameikataa kabisa.

Mwanafunzi mwenzangu, mwenzako akija darasani macho mekundu kwa ajili ya mbwa au paka, usimcheke. Neno "pole" halinunuliwi dukani. Kwa hayo machache naweka kalamu chini.